Uvimbe wa Shingo kwa Vijana wa Milimani: Wakati wa Kutulia na Wakati wa Kuteremka Voi

Watu wa nchi za milimani katika Afrika Mashariki wameuzoea uvimbe wa shingo kwa vizazi vingi, kiasi kwamba wengi wao huuhesabu kuwa sehemu ya umbo la mtu na wala si jambo la kutazamwa na daktari, na mazoea hayo yana faida na hasara kwa pamoja. Faida yake ni kwamba mtu hapapatiki kila anapoona shingo imetuna, kwa kuwa uvimbe mwingi wa aina hii hauna madhara makubwa. Hasara yake ni kwamba ule uvimbe mmoja adimu ambao ni saratani unaweza kukaa miaka mingi ukiitwa rovu, yaani goita, hadi uwe umeenea kwenye tezi za limfu au mapafuni. Mijini kosa huelekea upande wa pili, kwani kijana asiye na dalili yoyote anaweza kujilipia kipimo cha picha bila kutumwa na daktari, akaonyeshwa kinundu cha milimita chache, na tangu siku hiyo akajihesabu mgonjwa. Ushauri unaofuata umeelekezwa kwa watu wazima walio chini ya miaka 45 hivi, hasa wanawake, wanaoishi Mghange na vijiji jirani vya eneobunge la Wundanyi, katika Milima ya Taita nchini Kenya, au walioteremka kutafuta maisha Mwatate, Voi na pwani, nao unasimama juu ya hoja moja: kwamba kinachomwokoa kijana katika saratani hiyo ni kipimo sahihi cha uvimbe unaostahili kupimwa, wala si wingi wa vipimo.

Uvimbe huo hutokea kwenye tezi dundumio, kiungo kidogo chenye umbo la kipepeo kilicholala mbele ya koo, chini kidogo ya kongomeo, na kazi yake ni kutengeneza homoni, yaani kemikali zinazosafiri katika damu na kuuamuru mwili utumie nguvu kwa kasi gani, moyo upige vipi, na ubongo wa mtoto aliye tumboni ukue namna gani. Malighafi ya homoni hizo ni iodini, madini ambayo mtu mzima anahitaji takriban mikrogramu 150 kwa siku, na mjamzito au anayenyonyesha takriban 250. Iodini imejaa baharini, lakini milimani mvua ya karne nyingi huiosha kutoka kwenye udongo na kuitelemsha mabondeni, hivyo mboga na nafaka zilizolimwa huko juu huwa na kiasi kidogo. Tezi inapoikosa, ubongo huongeza homoni ya kuichochea, inayojulikana kwa herufi TSH, na tezi hujitanua ili inase kila chembe inayopita. Kujitanua huko ndiko rovu. Milima ya Taita, ambayo kilele chake cha Vuria kinafikia mita 2,208, ina mvua na ukungu wa kutosha kuifanya hoja hii iwahusu wakazi wake, ingawa bandari ya Mombasa haiko mbali.

Kenya ilianza kulazimisha chumvi ya kula itiwe iodini mwaka 1978, na hatua hiyo ndiyo kinga kubwa kuliko zote dhidi ya rovu. Hata hivyo, chumvi hiyo hupoteza nguvu ikiachwa wazi katika unyevu au karibu na moto, jambo ambalo si la kupuuzwa katika jiko la milimani ambamo ukungu huingia hadi ndani. Ihifadhiwe katika chombo kikavu chenye kifuniko, na itiwe chakula kinapokaribia kuiva. Kuhusu vyakula vyenyewe, ni kweli kwamba muhogo usioandaliwa vizuri, pamoja na kabeji na sukumawiki, una kemikali zinazoshindana na iodini kuingia kwenye tezi, lakini athari hiyo huwa na uzito pale tu iodini inapokosekana. Familia inayotumia chumvi iliyotiwa iodini haina sababu ya kuacha kimanga cha muhogo na maharagwe wala mboga zinazotoka katika mashamba yake. Wala hakuna sababu ya kuongeza chumvi kupita kijiko kimoja kidogo kwa siku kwa kila mtu, kiasi ambacho Shirika la Afya Duniani limekiweka kwa ajili ya shinikizo la damu, wala ya kununua vidonge vya iodini vinavyotangazwa kuwa vinasafisha tezi, kwani iodini iliyozidi nayo huivuruga.

Yafaa isemwe waziwazi kwamba chumvi hii huzuia rovu, lakini haizuii saratani. Panapokosekana iodini, saratani ya aina ya folikula huchukua sehemu kubwa zaidi ya wagonjwa. Iodini inapotosha, aina ya papilari ndiyo inayotawala, na kwa kuwa papilari kwa kawaida ni nyepesi zaidi kutibika, mabadiliko hayo yana heri ndani yake. Aina hizi mbili hutokana na chembe zilezile zinazotengeneza homoni, na kwa pamoja ndizo karibu saratani zote za tezi dundumio zinazowapata vijana. Aina ya tatu, medula, hutokana na chembe nyingine na mara nyingine hurithiwa katika ukoo. Ya nne, anaplastiki, ni kali mno, lakini huwapata wazee, na mara nyingi wale waliokaa na rovu kwa miongo mingi.

Hapa ndipo umri unapogeuka kuwa neema. Saratani nyingi huhesabiwa hatua nne kwa kila mgonjwa, lakini katika utaratibu wa kimataifa wa kupanga hatua za ugonjwa unaotumika tangu 2018, mtu aliye chini ya miaka 55 mwenye saratani ya papilari au folikula huwekwa katika hatua ya kwanza hata kama ugonjwa umefika kwenye tezi za limfu za shingo, na hatua ya pili ikiwa umefika mbali kama mapafuni au mifupani. Hatua ya tatu na ya nne hazipo kwake. Utaratibu huo ulitokana na uzoefu wa miaka mingi kwamba chembe za ugonjwa huu katika mwili wa kijana hukua polepole na huendelea kuitikia matibabu. Katika nchi ambako matibabu kamili yanapatikana, karibu wagonjwa wote wa papilari ambao ugonjwa wao haujatoka shingoni huwa hai miaka mitano baadaye. Duniani kote, mwaka 2022, waligunduliwa wagonjwa wapya zaidi ya 820,000 na wakafariki chini ya 50,000, na wanawake ni takriban watatu kwa kila mwanamume mmoja. Nchini Kenya ugonjwa huu haumo katika safu ya mbele, inayoshikwa na saratani za matiti, mlango wa kizazi, tezi dume na umio, na mwanamke kijana wa Mghange mwenye nauli ya safari moja tu ya hospitali angefanya vyema kuitumia kwanza kwa kipimo cha mlango wa kizazi, iwapo shingo yake haina tatizo.

Kinachoongeza hatari kwa uhakika ni mionzi iliyoifikia tezi utotoni. Mtambo wa nyuklia wa Chernobyl ulipolipuka tarehe 26 Aprili 1986, iodini yenye mionzi ilitua kwenye nyasi, ng’ombe wakaila, na watoto wa Ukraine, Belarus na maeneo jirani ya Urusi wakaipata katika maziwa. Kufikia 2005 zaidi ya 6,000 kati ya waliokuwa watoto na vijana wadogo wakati ule walikuwa wamegunduliwa na saratani ya tezi dundumio, ingawa si wote waliougua kwa sababu ya mionzi, na waliofariki kwa ugonjwa huo walikuwa 15 tu. Watoto wadogo kabisa ndio waliodhurika zaidi, na watoto waliokuwa na upungufu wa iodini tezi zao ziliinasa sumu hiyo kwa pupa kubwa zaidi. Kwa msomaji wa Taita, mionzi inayohusika ni ile ya hospitali: aliyetibiwa kwa mionzi ya kichwa, shingo au kifua akiwa mtoto, kwa mfano kwa ajili ya saratani nyingine, anapaswa kumweleza hivyo kila daktari atakayemwona maisha yake yote, na mzazi ana haki ya kuuliza iwapo skani ya CT ya kichwa au shingo ya mtoto inahitajika kweli kabla ya kuikubali. Ndugu wa karibu mwenye saratani hiyo huongeza hatari kwa kiasi, na unene uliokithiri unaonekana kuandamana nayo. Simu ya mkononi haijathibitishwa kuwa chanzo, na hofu zinazozunguka kuhusu milingoti ya simu iliyosimama vilimani hazina msingi katika ugonjwa huu.

Tukio la Korea Kusini lastahili kukaliwa kidogo, kwa kuwa linaeleza kwa nini idadi ya vijana wenye saratani hii imepanda katika nchi nyingi bila vifo kupanda. Mwaka 1999 nchi hiyo ilianzisha mpango wa kitaifa wa kuwapima watu saratani kadhaa, na ingawa tezi dundumio haikuwamo katika mpango, hospitali ziliongeza kipimo chake cha mawimbi ya sauti kwa ada ndogo. Kufikia 2011, kiwango cha saratani hiyo kilikuwa mara 15 ya kile cha 1993, lakini kiwango cha vifo hakikusogea. Maana yake ni kwamba vilikuwa vikikamatwa vinundu ambavyo vingekaa kimya hadi mtu afe kwa uzee, na wenye navyo, wengi wao wanawake wa umri wa kati na vijana, walikatwa tezi, wakabaki na vidonge vya maisha, na baadhi wakapoteza sauti au uwiano wa madini ya kalsiamu mwilini. Baada ya kundi la madaktari kupinga hadharani mwaka 2014, upasuaji huo ulipungua kwa haraka. Huko Japani, baada ya ajali ya nyuklia ya Fukushima ya Machi 2011, upimaji wa watoto na vijana karibu 300,000 ulifichua saratani nyingi kuliko ilivyotarajiwa, na kamati ya Umoja wa Mataifa ya mionzi ilihitimisha kwamba wingi huo ulitokana na ukali wa vifaa vya kupimia. Ndiyo maana jopo la ushauri wa kinga la Marekani, mwaka 2017, lilishauri watu wazima wasio na dalili wasipimwe tezi hii, si kwa picha wala kwa kupapaswa shingo. Kijana wa Voi ambaye amealikwa kununua kifurushi cha vipimo vya mwili mzima, naye shingo yake ni nzima na hana historia ya mionzi wala ya ukoo, akiache kipimo cha shingo.

Anayepaswa kuteremka kutoka Mghange bila kungoja msimu wa mavuno upite ni yule mwenye kinundu kinachopapasika, hasa kikiwa kigumu, kikiwa kimegandamana na nyama za pembeni, au kikiwa kimekua katika wiki au miezi michache. Mwenye tezi iliyovimba pembeni mwa shingo kwa zaidi ya wiki tatu hivi. Mwenye sauti iliyokauka kwa muda kama huo bila mafua. Na mwenye taabu ya kumeza, au ya kupumua anapolala. Rovu la miaka mingi ambalo sehemu yake moja imeanza kuwa ngumu na kukua kuliko nyingine liingizwe katika orodha hiyo. Kutokuwepo kwa maumivu kusimpumbaze mtu, kwa sababu saratani hii kwa kawaida haiumi, na maumivu ya ghafla katika kinundu mara nyingi ni damu iliyovujia ndani ya kifuko cha maji. Kwa watu wazima, vinundu vya saratani ni kati ya 5 na 15 katika kila 100. Kwa walio chini ya miaka 20 vinundu ni adimu, lakini kikitokea uwezekano wa saratani ni mkubwa zaidi, takriban kimoja kati ya vinne au vitano, hivyo msichana wa shule ya upili mwenye kinundu asiambiwe kwamba ni mambo ya kubalehe. Mwanamume mwenye kinundu naye achukuliwe kwa uzito zaidi.

Tezi ya pembeni mwa shingo huleta mtego wake nchini Kenya, kwa kuwa kifua kikuu ni chanzo cha mara kwa mara cha uvimbe huo, na si ajabu mgonjwa kuanzishiwa dawa zake za miezi sita kwa kukisia. Ni busara kuomba sampuli itolewe kabla ya dawa kuanza, na ikiwa dawa zimemalizika na uvimbe upo palepale, sampuli hiyo isiahirishwe tena.

Safari ya uchunguzi ina mpangilio wake, na mpangilio huo ukifuatwa huokoa fedha. Zahanati au kituo cha afya cha karibu hutoa barua ya rufaa. Hospitali ya Wesu karibu na Wundanyi, au Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Moi mjini Voi, ndiyo hatua inayofuata, na kabla ya kulipa nauli mgonjwa apige simu au amtume mhudumu wa afya ya jamii aulize siku ambayo mtaalamu wa picha yupo. Kipimo cha kwanza ni cha damu cha TSH: kiwango chake kikiwa chini, huenda kinundu kinatengeneza homoni kupita kiasi, na kinundu cha namna hiyo ni nadra mno kuwa saratani. Kisha hufuata picha ya mawimbi ya sauti, isiyo na mionzi yoyote, ambayo humwonyesha mtaalamu ukubwa wa kinundu, kingo zake, chembechembe za chokaa ndani yake na hali ya tezi za limfu. Kinundu kikionekana cha kutilia shaka na kikiwa na ukubwa wa sentimita moja au zaidi, hufuata kipimo cha sindano nyembamba, nyembamba kuliko ile ya kutolea damu, inayovuta chembe chache ili mtaalamu wa patholojia azitazame kwa hadubini. Kipimo hicho huchukua dakika chache na mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyohiyo. Hofu ya kwamba kuchoma uvimbe kwa sindano hueneza saratani imewazuia wengi, ilhali jambo hilo ni nadra kupita kiasi. Kinachodhuru kweli ni kuchanja au kuunguza shingo kwa tiba za mitaani, kwani kidonda na kovu huharibu njia ya daktari wa upasuaji.

Majibu ya sindano hupangwa katika makundi sita, kuanzia sampuli isiyotosha hadi saratani iliyothibitika, na lipo kundi la katikati linalowatatiza wengi. Aina ya folikula haiwezi kutenganishwa na uvimbe usio na madhara kwa sindano peke yake, kwa sababu tofauti yao ni iwapo chembe zimepenya ganda la kinundu, na ganda hilo huonekana tu baada ya upande mmoja wa tezi kutolewa. Daktari anayesema kwamba hajui hadi afanye upasuaji wa upande mmoja hababaishi. Ila anayependekeza kutoa tezi nzima bila picha wala sindano aombwe sababu kwa maandishi, na maoni ya pili yatafutwe. Kila ripoti ichukuliwe nakala na kupigwa picha kwa simu, kwa sababu milimita za leo ndizo zitakazolinganishwa na za mwakani.

Saratani ikithibitishwa, kwa kawaida kijana ana wiki kadhaa za kupanga mambo yake bila hasara. Upasuaji hufanyika katika hospitali kubwa kama Hospitali Kuu ya Pwani mjini Mombasa, takriban kilomita 150 kutoka Voi, au Hospitali ya Taifa ya Kenyatta jijini Nairobi. Kwa kuwa tangu tarehe 1 Oktoba 2024 bima ya umma imehamia Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, mchango wa kaya ukamilishwe mapema na gharama zinazolipiwa ziulizwe kabla ya kulazwa. Swali la kwanza kwa daktari wa upasuaji ni iwapo upande mmoja wa tezi unatosha, kwani kwa saratani ndogo isiyoenea mara nyingi unatosha, na kwa baadhi ya vinundu vya chini ya sentimita moja hata kufuatilia kwa picha bila kukata ni njia iliyokubalika tangu hospitali moja ya Kobe, Japani, ianze kuitumia mwaka 1993. Swali la pili ni amefanya upasuaji wa namna hiyo mara ngapi, kwa sababu neva za sauti na tezi ndogo nne zinazosimamia kalsiamu hupita hapohapo, na mkono uliozoea huzidhuru mara chache.

Aliyetolewa tezi nzima atameza levothairoksini, homoni mbadala, kila asubuhi kwa maji kabla ya kula, nusu saa hadi saa moja kabla ya chai, na vidonge vya chuma au kalsiamu apewavyo mjamzito kliniki avitenge nayo kwa saa nne. Vidonge hivi havipendi joto la zaidi ya nyuzi 25, kwa hiyo anayeishi Voi asiviweke juu ya kabati chini ya mabati. Akipata mimba, kiasi chake huhitaji kuongezwa mapema, pengine mara tu anapojua, kwani mtoto hutegemea homoni hiyo tangu wiki za mwanzo. Kinundu kikigunduliwa wakati wa ujauzito wenyewe, picha ya mawimbi na sindano ni salama, na upasuaji mara nyingi hungoja hadi baada ya kujifungua.

Baadhi ya wagonjwa huongezewa iodini yenye mionzi, kidonge kinachotafuta mabaki ya tezi popote yalipo na kuyaua, na tiba hiyo hupatikana katika hospitali chache tu, hasa Nairobi. Mjamzito haruhusiwi kabisa kuipata. Anayenyonyesha huachishwa kwanza, wiki sita au zaidi kabla ya kidonge, na hamnyonyeshi tena mtoto huyo. Na mwanamke husubiri angalau miezi sita kabla ya kushika mimba. Kwa siku kadhaa baada ya kuruhusiwa, mwili wenyewe hutoa mionzi, hivyo mgonjwa hulala peke yake, hutumia vyombo vyake, na hukaa mbali na watoto na wajawazito. Familia za Mghange hukosea hasa katika safari ya kurudi, kwa kuwa hukata tiketi ya treni au basi kwa siku ileile ya kutoka hospitalini, na mgonjwa akaketi saa kadhaa hadi Voi akiwa amebanana na mama mwenye mtoto mchanga. Daktari aulizwe tarehe hasa ambayo safari ndefu ya pamoja inaruhusiwa, chumba kitafutwe Nairobi kwa mtu asiye na watoto wadogo kwa siku hizo, na nyumbani kitanda cha peke yake kitandikwe kabla hajafika.